Jeran Kwenye Harusi ya Tanti Furaha

Harufu ya sambaza wanaokaangwa hunikamata hata nikiwa juu ya pikipiki, nakimbilia kazini. Vile visamaki vyetu vya ziwani vikitupwa kwenye mafuta ya moto, watu wengine wa Goma hukumbuka chakula cha jioni. Mimi nakumbuka harusi. Ni harusi ya Tanti Furaha, iliyopangwa iwe ya ng'ombe ikaishia kuwa ya sambaza, na mpaka leo sijahudhuria nyingine iliyoifikia kwa utamu.

Tanti Furaha alikuwa dada mdogo wa Papa, baba yangu. Alikaa nasi Katoyi na kuuza makala, yale makaa ya kupikia, pembeni mwa barabara, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kunawa mikono kila mara, hata kama hakuna chakula kinachokuja. Alicheka kwa sauti kubwa huku ameziba mdomo kwa kiganja, na kile kicheko kilipenya katikati ya vidole vyote. Mchumba wake, Bahati, alikuwa mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Alishusha viazi kutoka Munigi mpaka mjini, akiteremka kwa kasi kwenye ile barabara ya mawe, shati limejaa upepo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeshaamua kwamba Tanti akibadili mawazo, Bahati atanioa mimi.

Wote wawili waliweka akiba kwenye koperative ndogo ya Munigi: chumba kimoja cha mbao chenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Hakuna aliyepaita benki. Tulisema tu “kwa jeran”, maana ndivyo tulivyomwita meneja wake, mwanaume mrefu mwenye miwani, aliyemuuliza kila mtu habari za mbuzi wake na za wakwe zake kabla ya kupokea chochote. Mama naye aliweka huko. Alikuwa na usemi wake kuhusu pesa: “Franga ya nyumbani iko na masikio, ukiitaja tu inaondoka.” Kwa jeran, aliamini, ilikuwa kiziwi.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Tanti alinichukua twende kutoa akiba ili ng'ombe anunuliwe. Tulikuta watu wamejaa mbele ya ule mlango, na kufuli limening'inia. Jeran alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amevua miwani, na bila miwani alionekana kama mtu aliyetoka kuamshwa.

“Wale tulikopesha walikimbia vita, wakaacha mashamba yao,” alisema. “Njia ilifungwa, mavuno yao ikabakia kule. Sina kitu cha kuwapatia.”

“Basi franga yetu iko wapi?” akauliza muzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

“Haiko tena, muzee.”

Pale Munigi mtu hatafuti jiwe, anainama tu. Niliwaona wanaume wawili wakiinama, kisha watatu, nami nikadhani wamechoka, wanatafuta pa kukaa. Tanti hakudhani hivyo. Alinishika mkono, tukapenya mpaka mbele, akasimama kati ya jeran na watu.

“Mimi niko na arusi samedi,” alisema, kwa sauti yake ile ya kuuzia makala. “Ng'ombe yangu ilikuwa humu ndani. Sasa ng'ombe haiko, lakini arusi iko. Mukuje wote. Kila mutu alete kile kiko kwake.” Akageuka. “Na wewe pia, jeran. Ukuje na bibi yako.”

“Huyu?” mtu akasema kwa nyuma. “Huyu atakula nini?”

“Kile wewe utakula.”

Kisha mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki kule ziwani, ambaye hatukumjua kabisa, akajitwika vizuri beseni lake. “Mimi nitaleta sambaza,” alisema. “Lakini mafuta itoke kwako.” Mwingine akasema mafuta anayo, ila masufuria hana. Muzee wa kofia akasema hakuna harusi bila kasiksi, na pombe ya ndizi ya shemeji yake inashinda zote. Mwingine akapinga vikali kuhusu shemeji huyo. Kwa muda si mrefu watu walikuwa wakigombana juu ya viazi na maharage, na mikono yao, iliyohitajika kwa kueleza, ikaachilia mawe.

Tulirudi nyumbani. Tanti alinawa mikono kwa muda mrefu sana, amenipa mgongo.

Ile samedi, Jumamosi, ilipofika, ua wetu ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa mawe. Gauni la bibi harusi lilikuwa la kuazima, kubwa, limebanwa kwa pini mgongoni, kwa hiyo Tanti aliingia akitembea kwa ubavu ili asionyeshe nyuma. Alikuwa ametoka kanisani juu ya chukudu iliyopambwa maua, Bahati akisukuma, Mama akikimbia pembeni na kusema polepole, polepole. Kulikuwa na sombe, yale majani ya muhogo, kulikuwa na jibini ya Masisi, na sambaza walikaangwa mpaka majirani waliokataa kuja wakaja.

Jeran alichelewa. Aliingia na koti zito, mke wake amebeba kuku mmoja. Tanti alimketisha meza ya mbele, kando ya muzee wa kofia, akanituma nimpelekee sahani. Jeran aliipokea vibaya, samaki wakamwagika mapajani. Yule muzee alichota kwenye sahani yake mwenyewe na kumwekea.

“Kula,” alisema. “Leo hatusemi habari ya franga.”

Baadaye jeran alicheza. Alicheza vibaya sana, na nadhani kicheko alichokileta kilikuwa zawadi kubwa kuliko kuku.

Akiba haikurudi yote. Lakini jeran hakuhama. Kila mavuno alionekana kwenye mlango wa mmoja wetu na gunia begani, mwaka huu kwa huyu, mwaka ule kwa yule.

Juzi, tukichambua maharage, nilimwambia Tanti kwamba siku ile alikuwa na huruma ya ajabu. Alicheka, kiganja mdomoni.

“Huruma gani? Nilikuwa na hasira kuliko wote. Lakini ukimuua mutu, kesho utamudai nani? Na mutu akikula arusi yako, atapita wapi usimuone?”

Ndipo nilipoelewa. Mkono wake siku ile ulikuwa ukitetemeka ndani ya wangu, na mimi, mtoto, nilidhani ni furaha ya bibi harusi. Kumbe ilikuwa hasira, aliyoishikilia kwa nguvu zake zote mpaka watu wakaanza kubishana juu ya mafuta.