Nilivyoshushwa Karisimbi Mgongoni mwa Yaya Faustin

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa kelele. Sokoni Gisenyi walinijua kwa sauti. Nilikuwa nauza viazi vya Bugeshi, na mteja akipita bila kunisalimu nilimwita mpaka arudi akicheka. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Mimi Esperance na kaka yangu mkubwa, yaya Faustin, tulikuwa tumerudi Rwanda. Mama alibaki Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Vita vilikuwa vimetulia upande wetu, watu wakaanza kulima tena chini ya volkano.

Yaya alipata kazi ya kubeba vyuma. Mafundi walikuwa wanasimamisha antena kileleni mwa mlima Karisimbi, na walihitaji mpishi.

"We unajua kupika hata na kuni za maji," aliniambia. "Kuya twende."

Nikikumbuka siku zile za kwanza bado natabasamu peke yangu. Tulipita mianzi, tukapita miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, kisha miti ikaisha. Kule juu haioti kitu ila nyasi fupi, na kileleni ni changarawe nyeusi tu. Asubuhi maji ya sufuria yalikuwa yameganda, tukayavunja kwa jiwe. Maharagwe yalichemka kutwa nzima na bado yakakataa kuiva; wabebaji wakasema napika kokoto. Lakini wingu likifunguka! Ziwa Kivu lote liko chini yako, Goma na Gisenyi zimegusana, na mimi natafuta kwa macho bati la nyumba ya mama. Wabebaji waliimba wakipandisha mabomba ya chuma. Pumzi ilimkatikia mmoja katikati ya wimbo, mwingine akamalizia. Sijacheka tena na watu namna ile.

Ugonjwa ulianza na kichwa. Sote kilituuma, kwa hiyo sikushtuka. Kisha chakula kikanichukiza. Nikinusa mafuta tu, natapika. Kikaja kikohozi kikavu. Nilidhani ni mafua ya baridi. Baadaye hata kutoka hemani kwenda jikoni nilipumzika njiani. Nikilala chali najisikia nazama, basi nikalala nimekaa, nimeegemea magunia. Asubuhi moja nikatema povu la rangi ya waridi. Kucha zangu zilikuwa za bluu.

Yaya aliweka sikio mgongoni mwangu.

"Maji iko nachemka humu ndani," alisema.

Akaitwa Claver, mkubwa wa mafundi. Aliniangalia midomo, akanisikiliza ninavyohema.

"Ni mapafu, yamejaa maji. Mlima ndio unafanya hivi. Bon, anashuka sasa hivi."

"Na hii mvua ya mawe?" yaya aliuliza. "Njia haionekane. Tungoje wingu itoke."

"Tukingoja atakufa, Faustin. Dawa yake iko chini."

Yaya alichukua kitenge changu, akapiga magoti mbele yangu. "Panda."

Mimi mtu mzima nilifungwa mgongoni kama mtoto mchanga. Claver alifuata nyuma, akinisukuma juu kila nilipoteleza.

Mawe ya barafu yalitupiga vichwani. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona masikio ya yaya, na yeye hakuona miguu yake. Mara akasimama.

"Nimepoteza njia."

Chini yetu upande mmoja kulikuwa na korongo. Nilisikia moyo wake ukipiga kwenye kifua changu. Claver akasema kwamba yale mabomba yalipokokotwa kupanda yalichimba mfereji katika changarawe. Basi yaya akavua viatu. Kwa miguu mitupu, ndani ya barafu, akapapasa mpaka akaupata, akaufuata polepole.

"Komera, jikaze, Esperance," alirudia. "Komera. Unasikia?"

Sikuweza kusema. Nilimfinya bega, ajue niko hai.

Tulipofika kwenye miti, hewa ikaanza kuingia. Siwezi kuwaeleza vizuri. Ni kama mtu alikuwa amekaa kifuani kwangu, sasa anainuka taratibu. Nikaomba chai. Yaya alikaa chini kwenye matope akalia kwa sauti, na miguu yake inatoka damu.

Bugeshi, chini ya mlima, wanaume walinibeba kwa machela ya mianzi mpaka barabarani, gari likatupeleka hospitali. Daktari aliniwekea oksijeni, akamwambia yaya: "Dawa kubwa mumekwisha kumpa ninyi. Mimi namalizia tu." Kisha akamfunga miguu bandeji, akampa kitanda jirani na changu.

Mama alivuka mpaka na chupa ya uji. Alipotuona wawili tumelala hivyo, alisema, "Yesu wangu! Nani sasa nitaanza kugombeza?" Nikacheka, kifua kikauma, nikacheka tena.

Nguvu zilichelewa kurudi. Mama alinitembeza kando ya ziwa kila jioni, hadi mti huu, kesho hadi ule unaofuata, na wavuvi wakatuzoea. Sauti ya sokoni ilirudi mwisho wa yote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Claver, ambaye hakuona aibu kuacha kazi yake kwa ajili ya mpishi. Yaya mgongo unamuuma siku hizi, anasema ni uzito wangu. Nampelekea viazi, nakaa naye, tunakumbuka.

Ninyi mnaopanda milima mikubwa, kifua kikibana semeni mapema, na msilale mkidhani kitapona usingizini. Shukeni. Na ukimwona mwenzako anatema povu huko juu, usingoje wingu lifunguke. Mbebe.