Jairo ya Helikopta ya Elizabeti

Alute, fundi redio wa Manyoni, hakulia alipomzika mkewe. Watu walimsema, na watu hawakosi la kusema. Mwenyewe hakuwa na habari nao. Alikuwa amekufa ganzi mwili na moyo. Alikula kwa kuwa chakula kimeletwa, akalala kwa kuwa kitanda kipo.

Jambo moja tu lilimtoa nje. Marehemu Elizabeti aliwahi kumpikia injinia mzungu wa barabara, naye alipoondoka alimwachia helikopta yake ndogo ya kurushwa kwa rimoti, pamoja na kidumu cha mafuta yake. Alute alikuwa amefundishwa kuirusha. Lakini jairo, kile kifaa kinachotuliza mkia, ikafa kabla Elizabeti hajapata nafasi ya kutoka jikoni kuiona hewani. Helikopta ikiinuka tu, inazunguka kama pia. "Nitakurushia," Alute alimwahidi, miaka ikapita. Sasa Jumamosi ndugu wanakuja kugawa vitu vya marehemu, na helikopta itakwenda Issuna na shemeji yake Dorkas, ndugu wa marehemu. Mila ni mila.

Akaenda kwa Manase, muuza mitumba ya vifaa vya umeme. Tangu serikali ifungulie biashara, jamani, takataka gani ya Ulaya haikufika Manyoni?

"Shikamoo, mzee Alute. Pole na msiba."

"Marahaba. Nataka jairo."

Zilikuwepo mbili. "Chukua hii mpya," Manase akasema. "Ukielekeza pua pale, inabaki palepale, hata upepo wetu huu uvume vipi. Hiyo ya zamani inazuia mkia usizunguke, basi. Upepo ukikazana, pua inageuka polepole."

Alute akaunganisha ile mpya na betri, akaiweka sikioni. Kimya. Ya zamani ikavuma, gurudumu lake likizunguka ndani. Fundi redio huamini sikio lake.

"Nipe hii. Naisikia kwamba iko hai."

"Mzee! Kipya kinyemi ingawa kidonda."

"Kidonda kaa nacho wewe."

Jumamosi, ndugu wakiwa bado wanagawana ndani, alitoka uani akawasha injini. Helikopta ikapanda hadi usawa wa paa, mkia umetulia tuli. Hakufurahi. Aliitazama kama mtu anayetazama treni ya mizigo ikipita.

Upepo ukakazana. Pua ikaanza kugeuka, taratibu, ikaiacha barabara, ikapita choo, ikaelekea mlango wa jiko. Macho yake yakaifuata. Mlangoni alisimama mwanamke amejitanda khanga ya Elizabeti, ile ya maua mekundu.

"Eliza! Njoo uone, imeruka!"

Mwanamke akasogea kwenye mwanga. Alikuwa Dorkas, khanga ile alikuwa amegawiwa muda si mrefu.

"Naiona, shemeji," akasema. "Naiona."

Rimoti ikamponyoka Alute. Helikopta ikaangukia banda la kuku, vipande huku na huku. Naye akaketi vumbini akalia kwa sauti, mpaka ndugu wote wakatoka nje, na Dorkas akaivua ile khanga mabegani, akamfunika nayo.