Pweza wa Kwanza Hapimwi

Nimesoma hadi darasa la nne. Nasema mapema, asije mtu akauliza nimeyatoa wapi maneno kama sampuli na wastani. Niliyapata Kilindoni kwa siku tatu, kwenye ukumbi wenye feni moja, na yamenigharimu mdogo wangu.

Ilikuwa miaka hiyo ya hifadhi, kila kinachotoka baharini kikawa na fomu yake. Mradi mmoja ukataka kila kijiji kitoe mtu wa kupima pweza wanaoletwa pwani. Kwetu nikachaguliwa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na kwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya pwani alidhani mwanamke asiyesoma sana hatamsumbua. Hapo hakukosea.

Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mpole, kila anayepita kwake ni shikamoo. Alileta ndoo ya simbi za kuokota ufukweni, nyeupe na nyeusi, akatuambia tuchote kiganja, tuhesabu, halafu tukisie ndoo nzima ikoje. "Hiyo ndiyo sampuli, kina mama." Tulielewa upesi kuliko alivyotarajia. Nani amepika wali akala sufuria nzima ili ajue chumvi? Kisha akawasha kompyuta, tukaingiza namba zetu, zikatokea ukutani kama vijiti vya rangi. Akabonyeza, wastani ukatoka wenyewe.

"Mwalimu," akasema mama mmoja wa Kanga, "mume wangu ana wake wawili. Siku sita yuko kwa mdogo, siku moja kwangu. Hicho chombo chako kitasemaje?"

"Kitasema kwa wastani kila mke ana siku tatu na nusu."

"Basi huo wastani na uje unilalie mie hizo mbili na nusu!"

Tulicheka hadi mlinzi akachungulia dirishani. Mwalimu naye alicheka, akajifuta macho, halafu akatufundisha jambo la mwisho. Aliyekwenda akakosa, tumwandikie sifuri. Ambaye hatukumpima, tuache kisanduku wazi. "Sifuri inashusha wastani. Kisanduku kitupu programu inakiruka, kana kwamba mtu huyo hayupo." Nililiandika kwenye daftari neno kwa neno.

Kuna swali nilikuwa nalo, sikuliuliza.

Kwetu pweza wa kwanza hapimwi. Maji yakipwa, kila mwanamke anaanza kwenye shimo lake mwambani, alilorithi kwa mama yake, na humo ndimo anamolala pweza mkubwa. Huyo anafunikwa na khanga, anakwenda nyumbani, anakuwa kitoweo na sehemu ya jirani. Akipanda mzani watu watamwona, na jicho la mtu ni jicho, huleta balaa. Kwa hiyo mimi nilipima wa pili na wa tatu, wadogo. Kompyuta ikala wadogo. Kadiri mzani ulivyozidi kuogopwa, hata wa pili wakaanza kufunikwa, na mwezi hata mwezi vijiti vya kijiji chetu vikafupika, na mimi najua kwa nini.

Kwenye mkutano wa kijiji mwalimu alitundika shuka ukutani, akaonyesha mstari unaoteremka. Akasema pweza wanakwisha, inafaa mwamba wa karibu ufungwe wapumzike. Mwenyekiti akadakia kabla hajamaliza, "Ufungwe!" Yeye kwake wanakula kwa jarife, wavu wake wa papa, mwamba wa wanawake haumhusu.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Mumewe alimwachia watoto watatu akaenda Baleni kuoa, na mwamba ule ndio uliokuwa mume. Akageuka, akaninong'oneza, "Dada, sema. Waambie habari ya wa kwanza."

Nikatazama wanawake wenzangu. Wote macho chini. Mama yetu, aliyetufundisha hayo, alikuwa pembeni akivuta ushungi. Nikisema, nimewatoa uchi wote, na mimi nimeonekana karani mwongo mbele ya mwalimu aliyenipa cheti. Nikasema, "Nyamaza, utatuaibisha." Mwamba ukafungwa.

Basi tukaenda mwamba wa mbali, ng'ambo ya mkondo, watano kwenye mtumbwi wa kuazima. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mzani, nipime hukohuko. Sisi wanawake wa kwenda mwambani kwa miguu, kuogelea hatukufundishwa. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yanajaa, mtumbwi umelemewa, wimbi moja la ubavuni likatosha. Mimi nilishika beseni. Mdogo wangu nilimshika khanga, na khanga ndiyo iliyobaki mkononi. Wavuvi walituokota wanne. Yeye walimpata kesho yake.

Watu wananiambia ni kudra. Kudra naijua, naiamini. Lakini mwenyekiti yupo, amenenepa. Mwalimu yupo, aliyefundisha namba na asiulize zinakotoka. Wanawake walioinamisha macho wapo, na mama yangu yupo. Na mimi nipo.

Mwisho wa mwezi mwalimu alikuja kuchukua fomu, kila mwanamke na namba yake, akafungua kompyuta barazani kwa mwenyekiti.

"Huyu namba kumi na moja, mbona sifuri tangu katikati ya mwezi?"

"Hakupata kitu."

"Lakini alikwenda?"

"Alikwenda."

Mwenyekiti akamwinamia sikioni. Mwalimu akavua kofia, akasema pole sana mama, na alimaanisha, hilo nalikubali. Kisha akasema taratibu, "Ila hapa inabidi tuache wazi." Akafuta sifuri zile moja moja. Wastani wa kijiji ukapanda palepale, nikauona. Mwenyekiti naye akauona.

"Afadhali," akasema. "Naona mambo yameanza kukaa sawa."

Mwamba ulipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwenye shimo la mdogo wangu. Nilimtoa mkubwa, mikono yake ikanizunguka hadi kiwikoni. Nikapanda naye pwani bila kumfunika, watu wamejaa, nikamtundika kwenye mzani.

"We shoga!" mmoja akapiga kelele. "Wa kwanza huyo! Huogopi?"

"Niogope kipi kilichobaki?"

Mama aligeuza uso, akatazama michikichi ya watu. Nilisoma mzani, kilo tatu na robo, nikaandika kwenye fomu, mstari wa kumi na moja, wa mdogo wangu. Najua mwalimu ataufuta. Pweza niliwapelekea watoto wa marehemu, wakala na ugali, na mkubwa wao akaniuliza kama nimemtoa kwenye shimo la mama.