Sentensi Aliyoiruka Orlin

Orlin Tollefson aliendesha malori ya ngano miaka arobaini bila leseni ya magari makubwa. Hakuna aliyemuuliza, maana Dakota Kaskazini, kule Marekani, mkulima anayebeba mazao yake mwenyewe huachwa apite. Shamba lilipopigwa mnada ndipo akagundua kwamba kisheria yeye si dereva. Kampuni ya viazisukari ilikubali kumwajiri na miaka yake hamsini na tisa, mradi alete leseni kufikia Ijumaa. Mtihani wa breki za upepo alikwisha kuufeli mara mbili. Akiufeli tena nafasi ni ya mwingine, na mji ule haukuwa na kazi nyingine.

Mtihani wenyewe ni wa mdomo. Unakaa kwenye kabini, unafanya, na kila unachofanya unamweleza msimamizi kwa sauti. Watu wa kule hata msibani hawazidishi maneno matano, sasa Orlin angewezaje kuihutubia dashibodi?

Aliyemfundisha ni Renae, mjane wa mdogo wake, Duane. Tangu mumewe afe alikuwa akiendesha trela. Kila jioni aliliegesha karibu na ghala, akahamia kiti cha abiria, kitabu mapajani.

"Haya, shemeji. Anza."

"Injini nazima, swichi nairudisha iwake. Nakanyaga breki dakika nzima, mshale wa upepo usishuke zaidi ya alama nne."

"Safi. Halafu?"

"Nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, mpaka... mpaka kitufe cha breki ya mkono kiruke."

"Na kengele je? 'Kabla mshale haujashuka chini ya sitini, kengele ya onyo ilie na taa iwake.' Jana umeiacha, juzi umeiacha, na kule wamekufelisha kwa hiyo hiyo. Una ugomvi gani na kengele?"

"Nimesahau."

"Wewe? Unayekumbuka bei ya ngano ya mwaka tisini na sita? Kanyaga basi, uisikie."

Akakanyaga. Mshale ukashuka, kengele ikalia.

"Lori langu halikuwa na kengele," akasema. "Niliukata waya. Ilikuwa inapiga makelele kila asubuhi tukisubiri upepo ujae. Wengi tulizikata."

"Lori lipi?"

"Lile jekundu."

Renae akafunga kitabu. "Duane alijua?"

"Sikumwambia. Aliliazima kwa haraka, na mimi... halikunijia kichwani."

Lori jekundu lilikuwa limemwua Duane miaka sita nyuma, kwenye mteremko wa mtoni. Upepo ulivuja njiani, breki zikafa, naye hakuwa na cha kumwonya. Lori lilipondeka hata hakuna aliyehangaika na waya. Ripoti ya polisi ikaandika mwendo kasi, na wilaya nzima ikaimba hivyo hivyo. Renae mwenyewe aliwaambia binti zake kuwa baba yao alijiua kwa haraka zake. Orlin aliyasikia hayo kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, akakoroga kikombe chake na kunyamaza. Mimi huo nauita woga, na sina jina jingine la kuupa.

Kengele iliendelea kulia. Orlin akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," akasema Renae.

Wakakaa nayo. Renae hakulia wala hakumgusa.

"Rudia toka mwanzo," akasema baadaye.

"Renae, nisamehe..."

"Nimesema rudia. Kwa sauti."

Alimrudisha mara tisa. Kila walipofika kwenye ile sentensi alimkazia macho, naye akaisema yote.

Ijumaa Renae alimpeleka mtihanini na trela lake. Msimamizi, mama mmoja mwenye glavu nene, alimsikiliza Orlin mpaka mwisho.

"Wengi hubabaika pale kwenye kengele," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Mke wa marehemu ndugu yangu."

"Basi mshukuru."

Orlin akatoka na karatasi mkononi. Renae alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele.

"Nimefaulu," akasema Orlin.

"Nilijua. Jumatatu asubuhi tunakwenda polisi. Utawaambia habari ya waya kama ulivyoniambia mimi, na binti zangu watakuwepo."

Orlin akaitazama karatasi. Kampuni gani ingempa trela mtu mwenye maneno kama hayo?

"Jumatatu ndiyo naanza kazi," akasema.

"Najua," akasema Renae, akapanda kwenye kabini, akawasha injini.