Dumu la Ulanzi Nililolipeleka Ukweni

Weka chini hiyo faneli, mwanangu, usichanganye bado! Siku niliyopeleka ulanzi ukweni Uyole naikumbuka kama jana, na leo kukuona na chupa zenye lebo, zenye jina la kijiji chetu, unazipeleka maonyesho kule kule Uyole, wee, moyo unanidunda! Keti kidogo nikwambie.

Nilikuwa kijana, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, hapa Kilolo, kiburi tele. Nilimpenda Atupele, mama yako huyu huyu. Baba yake hakutaka bintiye aolewe na mgema, ila mwisho akasema, "Haya, alete hicho anachogema nikionje." Nilirukaruka kama mtoto!

Asubuhi ya safari nikachanganya. Mtogwa, ule mtamu uliotoka kugemwa, vikombe viwili. Mkangafu, ule mkali uliolala siku tatu, kikombe kimoja. Hivyo hivyo mpaka dumu likajaa. Nikaonja. Aisee! Mweupe kama maji ya mchele, unanukia majani yaliyonyeshewa, utamu wa muwa unatangulia, halafu unakuuma ulimi kidogo kama ndimu. Huo na mbavu za nguruwe za kuchoma, hutaki kuinuka. Babu yako, baba yangu mimi, alinionya, "Beba mbalimbali, uchanganye huko huko, uonje tena." Nikamjibu nimeshaonja. Nikakaza kifuniko, nikapanda basi.

Jua likawaka njia nzima. Uyole nikakuta mezani ndizi, wali wa mchele wa Madibira na mbavu zinatoa moshi. Nikafungua dumu kwa madaha. Fshaaa! Povu likamrukia baba mkwe shati zima. Akajifuta, akanywa funda moja, uso ukakunjamana. Ulanzi wote ulikuwa umechacha.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Baba, ulanzi wa Kilolo ndivyo ulivyo."

Mama yako alikuwa anapakua wali. Akaweka mwiko chini. "Si kweli, baba. Nilipokwenda kwa shangazi Kilolo niliunywa. Ni mtamu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akanitazama, hata hakupandisha sauti. "Kijana, shati litafuliwa. Lakini umekisingizia kijiji chako kizima ili wewe usionekane umekosea. Siku ukimkosea binti yangu, utamsingizia nani?"

Nikapiga magoti. "Nimekosa mimi, baba. Nilikatazwa kuchanganya mapema, nikajifanya najua."

Akatafuna ndizi yake taratibu, mimi pale chini roho mkononi. Kisha akasema, "Nitakuja kuunywa huko huko kwenye mianzi."

Na akaja, mwanangu! Alikuja mvua zikinyesha. Nikamchanganyia mbele ya macho yake, nikaonja kwanza, nikampa na mbavu za moto. Akamaliza, akanisogezea kikombe nikijaze tena. Nililia pale pale, na sioni haya kukwambia.

Basi haya madumu mawili, la mtogwa na la mkangafu, yaende mbalimbali, na vifuniko usivikaze sana. Changanya kesho mezani, uonje kila mara kabla hujampa mtu. Anayependa utamu muongezee mtogwa, mpe na viazi vya kuchemsha. Anayekula nyama muongezee mkangafu. Na ukikuta umechacha, sema mwenyewe kabla mteja hajakunja uso. Sema umekosea wewe. Usithubutu kusema ulanzi wetu ndivyo ulivyo, maana hiyo lebo ina jina letu sote.

Mungu akutangulie, mwanangu. Mianzi yako itoe kwa wingi, mikono yako ipate kibali, na urudi ukiimba. Mama yako ameshafunga mbavu kwenye kapu, mnakwenda wote. Anasema atakaa meza moja na wewe, na unajua hajaacha ile tabia yake ya kuweka mwiko chini.