Mpiga Chelo wa Hoteli

Pasipoti yangu ilichukuliwa siku niliyofika Juba, na niliitoa mwenyewe. Meneja wa hoteli alisema anaipeleka uhamiaji nipatiwe kibali cha kazi. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa fidla niliyesoma naye muziki Nairobi, na kazi yetu ilikuwa kuwapigia wageni wakati wa chakula cha jioni. Mimi napiga chelo, ile fidla kubwa unayoisimamisha sakafuni ukaibana kwa magoti. Pale hotelini kila mtu aliiita gitaa. Baada ya muda niliacha kuwasahihisha.

Mwenzangu hakumaliza hata kiangazi cha kwanza. Malaria ilimlaza, ikamrudia, mama yake akawa anapiga simu akilia. Meneja hakutaka mgonjwa mikononi mwake, hivyo pasipoti ya mwenzangu ikapatikana upesi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, na jioni ile nikaketi ukumbini kando ya kiti kitupu.

Nyimbo zetu ziliandikwa kwa ajili ya kundi. Fidla hubeba wimbo, chelo huweka msingi. Ukiiondoa fidla, kinachobaki ni kama kumsikiliza mtu akizungumza kwenye simu: "Ndiyo... ehe... kumbe?" Nilipiga hivyo miezi na miezi, watu wa mashirika ya misaada wakila samaki na kutazama simu zao.

Geti halikufungwa mchana. Lakini askari barabarani huuliza karatasi, nami sikuwa nazo, kwa hiyo nilikwenda soko la Konyo Konyo kununua sabuni na kurudi, basi. Chumba changu kilikuwa kontena lenye dirisha moja lililotazama ukuta. Chelo niliilaza kitandani, na chini yake nikaweka beseni la maji ili hewa ipate unyevu, joto lisipasue mbao zake. Mimi mwenyewe nilijilaza sakafuni kando yake, nikisikiliza jenereta.

Ndipo simu ikaja kutoka Nairobi. Kundi la wapigaji wanne, ambalo nililitamani tangu nikiwa mwanafunzi, lilikuwa linampoteza mpiga chelo wake. "Kiti ni chako," waliniambia, "ila uwe umefika kabla ya Pasaka."

Nikaenda kwa meneja kuomba pasipoti yangu. "Bukra," akasema. Kesho. Kesho yake afisa alikuwa safarini, kisha muhuri haukuwapo, kisha ikawa tena bukra.

"Kwani hapa unateswa?" aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa. "Unakula, unalala, una kazi."

Nilirudi kwenye kontena nikiwa na aibu, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Siku zile mpishi wetu alifiwa na mama yake. Alikuwa amekulia kambi ya wakimbizi Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko. "Dada," aliniambia, "mama yangu alikuwa napenda kuimba sana. Wewe kuja na hii gitaa yako?"

Niliibeba mgongoni, nikapanda boda hadi mtaa wa Hai Malakal, nikiomba Mungu tusisimamishwe. Chini ya turubai akina mama wa kanisa walikuwa wakiimba kwa lugha yao. Sikujua wimbo wala maneno. Niliitafuta sauti ya chini, nikakaa hapo hapo. Mama mmoja aligeuka, akasikiliza, kisha akapandisha sauti yake juu zaidi, na wenzake wakamfuata. Tangu mwenzangu aondoke sikuwa nimepiga na watu. Nililia, na hakuna aliyeshangaa, maana palikuwa msibani.

Jioni ya kesho yake niliketi ukumbini, nikaweka upinde wa kupigia chelo mapajani, nisipige. Meneja alikuja akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Piga."

"Nitapiga nikiiona pasipoti yangu."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Najua."

Wageni walianza kugeuka. Mmoja aliuliza kama kuna tatizo. Meneja aliingia ofisini, na hakukawia kurudi nayo. Haikuwa imefika uhamiaji hata siku moja. Ilikuwa kwenye droo yake, na muda niliogongewa muhuri wa kukaa nchini ulikuwa umekwisha zamani. Nilipiga kama nilivyoahidi.

Kurekebisha makaratasi kulichukua muda, na Pasaka ikapita. Nilipopiga simu Nairobi walinijibu kwa upole kwamba wamempata mwingine.

Mkataba ulipokwisha nilisaini mwingine, kwa kuwa nyumbani hakuna kilichokuwa kikinisubiri. Jumapili napiga na wale akina mama wa Hai Malakal. Siku nyingine zote ni ukumbini. Juzi kundi la Nairobi lilinitumia video ya onyesho lao. Nilimtazama yule mpiga chelo mpaka mwisho. Anapiga vizuri. Kisha nikanawa uso, nikavaa gauni langu jeusi, nikatoka, kwa sababu wageni walikuwa wameshaketi.