Aziza na Waya wa Kitanda cha Joto

Aziza alijifunza kutengeneza nyaya za kupasha joto kwa marehemu baba yake, mtu wa Maniema, aliyekuwa na karakana Birere, mjini Goma, mpaka lava ya volkano ilipoifunika mwaka 2002. Alipoolewa na Ridhwani, dereva wa lori, walianza upya katika mtaa wa Katoyi, wakapata binti, Sumaya. Siku ambazo Ridhwani hakuwa safarini, alimsaidia kazi.

Juni 2022 Ridhwani alikuwa Bunagana, mpakani na Uganda, akisubiri forodha wakati waasi walipouteka mji ule. Alikimbilia Uganda kwa miguu, lori na karatasi zake zikabaki. Bila karatasi hakuweza kurudi kwa kuzungukia Rwanda, na barabara ya kurudi Goma ilikuwa imefungwa na vita. Alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa Aziza aliketi karibu na simu kabla haijalia. Shati la Ridhwani alilikunja ndani ya mfuko. Alipoona harufu yake inaanza kupotea, akaacha kuufungua.

Msimu wa mvua, mkunga Henriette alimletea waya wa kitanda cha joto cha watoto njiti. Paa la zahanati yao lilikuwa limevuja, na unga mweupe unaokinga umeme ndani ya ganda la shaba ulikuwa umenyonya maji.

"Tuko na mapacha, mama Sumaya," alisema. "Ingefaa walale kifuani kwa mama yao, lakini ana homa kali."

Kazi ya kuukausha inataka watu wawili: mmoja anapitisha moto kuanzia mbali na ncha, ili unyevu usukumwe nje, mwingine anageuza waya. Aziza alimpigia mumewe, akaiweka simu mezani.

"Mvuke iko natoka?" Ridhwani aliuliza.

"Iko natoka. Lakini mikono haitoshi."

"Geuza polepole. Mimi nitahesabu."

Akahesabu kwa Kifaransa, kama alivyozoea wakiwa pamoja. Alipofika dix-sept, kumi na saba, mtandao ukakatika. Aziza akaendelea mwenyewe, kwa sauti, mpaka kipimo kilipoonyesha waya umekauka. Akaziba ncha upesi, unyevu usirudi. Jioni Henriette alituma habari: mapacha wamepata joto, mmoja ameanza kunyonya.

Januari 2025 waasi waliingia Goma, na mtaa ukazika watu wake. Mwezi wa tatu, kwa kuwa barabara yote ya Bunagana sasa ilikuwa mikononi mwa waasi walewale, Ridhwani alipanda lori la maharage akafika mchana, amekonda, ndevu nyeupe. Binti yao Sumaya alimwambia, "Karibu, papa," kama anavyokaribishwa mgeni.

Aziza alimpakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliiomba siku hiyo katika kila sala, lakini hakuomba ije kwa njia hii. Ridhwani alikula kidogo, akauliza ni majirani gani wamebaki. Aziza akaanza kumtajia, nyumba kwa nyumba.